Hedd Wyn na Kiti Cheusi: Maisha ya Mshairi na Usomaji wa Shairi



Mshairi utakayesoma habari zake katika somo hili hayumo katika orodha ya vitabu teule, na jina lake halitatokea katika Karatasi ya Tatu. Nimemweka katika sehemu hii ya ushairi kwa sababu maisha yake ni mtego mzuri. Ni maisha yenye kusikitisha kiasi kwamba msomaji husahau kusoma mashairi yenyewe, akabaki kumlilia mtu. Kosa hilo ndilo linalotupotezea alama kila mwaka katika swali dogo la nafsineni, swali ambalo lingejibiwa kwa sentensi moja. Soma kwanza maisha yake, kisha tutayaweka kando na kuyarudia pale tu yanapotusaidia.

MCHUNGAJI WA TRAWSFYNYDD

Jina lake la kuzaliwa ni Ellis Humphrey Evans. Alizaliwa tarehe 13 Januari 1887 katika kijiji cha Trawsfynydd, kaskazini mwa Welisi, ile nchi ndogo ya milima iliyo magharibi mwa Uingereza ambayo katika ramani zako za Jiografia imeandikwa Wales. Wazazi wake, Evan na Mary, walikuwa wakulima. Akiwa bado mtoto mchanga familia ilihamia shamba liitwalo Yr Ysgwrn, na huko ndiko alikokulia, kifungua mimba katika nyumba ya watoto 11.

Masomo yake yalikuwa machache. Alisoma shule ya msingi na shule ya Jumapili kanisani, na alipofika umri wa miaka 14 hivi aliacha shule akawa mchungaji wa kondoo wa baba yake. Aliwahi kwenda kusini kufanya kazi katika eneo la machimbo ya makaa ya mawe, lakini hakukaa sana, akarudi milimani. Husemekana hakuwa mkulima hodari. Akili yake ilikuwa kwenye mishororo, na kondoo hawamsubiri mtu anayetafuta kina.

Lugha yake ilikuwa Kiwelisi. Usikichukue kuwa ni lahaja ya Kiingereza. Ni lugha kamili, ya ukoo mwingine kabisa, yenye fasihi andishi ya karne nyingi. Katika karne ya 19 kulikuwa na shule za Welisi ambamo mtoto aliyesikika akizungumza Kiwelisi alivishwa kipande cha mbao shingoni, akakaa nacho hadi mwenzake aliyekosa vivyo hivyo apatikane na kurithi. Ukimsimulia babu yako habari hiyo, huenda akakutajia kile kidude alichovishwa yeye shuleni kwa kuzungumza lugha ya mama. Kwa hiyo kijana wa shamba kutunga kwa Kiwelisi, na kutunga kwa kanuni zake ngumu kuliko zote, si jambo la kupita hivi hivi.

LAKABU

Washairi wa Welisi, kama washairi wetu wa pwani, hupenda majina ya utunzi. Mwaka wa 1910 mshairi mwenzake aliyejulikana kama Bryfdir alimpa Ellis lakabu ya Hedd Wyn. Herufi mbili dd katika Kiwelisi hutamkwa dh, kama katika neno dhahabu, kwa hivyo sema Hedh Win. Hedd ni amani. Wyn ni nyeupe, na pia iliyobarikiwa. Aliyeitwa Amani Iliyobarikiwa aliuawa vitani miaka saba baadaye. Hii ndiyo kinaya ambayo kila mwandishi anayesimulia habari zake huanza nayo. Lakini kumbuka kwamba mwaka wa 1910 hakuna aliyeijua. Jina hilo lilihusishwa na miale ya jua inayopenya ukungu wa mabonde ya kwao. Kinaya ililetwa na historia. Mshairi hakuipanga.

KITI

Ili uelewe kilichotokea mwaka wa 1917, lazima ujue eisteddfod ni nini. Ni tamasha la mashairi na nyimbo, lenye mashindano na waamuzi, kuanzia ngazi ya kijiji hadi ya taifa. Wewe uliyewahi kupanda jukwaani katika tamasha za muziki za shule unajua joto lake. Tuzo kubwa ya mshairi huko ni kiti: kiti hasa, cha mbao iliyochongwa, ambacho mshindi hukalishwa mbele ya umati kisha akakipeleka nyumbani kwake. Katika tamasha la taifa la zama zake, kiti kilitolewa kwa shairi liitwalo awdl, shairi refu linalofuata arudhi za jadi bila kuteleza. Mada huwekwa na waandalizi. Mshairi hutuma shairi lake kwa jina la kujificha ili waamuzi wasimjue, sawa na wewe unavyoandika namba yako ya mtihani badala ya jina.

Hedd Wyn alishinda kiti chake cha kwanza mwaka wa 1907 katika mji wa Bala, akiwa na miaka 20. Akashinda vingine katika matamasha ya mitaa. Kiti cha taifa ndicho kilichomponyoka. Mwaka wa 1916, tamasha la taifa lilipofanyika Aberystwyth, alikuwa wa pili. Mada iliyotangazwa kwa mwaka uliofuata ilikuwa Yr Arwr, yaani Shujaa. Akaanza kuitungia awdl mwaka huo huo wa 1916, nyumbani Yr Ysgwrn.

Shika tarehe hiyo, tutaihitaji.

VITA VINAFIKA SHAMBANI

Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeanza mwaka wa 1914. (Ndivyo vita vile vile vilivyowafikisha maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki kubebea majeshi mizigo, mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umebeba jina la kikosi chao.) Hedd Wyn hakujitolea kwenda kupigana. Mwaka wa 1916 serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume jeshini kwa lazima. Wakulima walipewa nafuu kiasi kwa kuwa taifa lilihitaji chakula, lakini familia ya Yr Ysgwrn ilikuwa na zaidi ya kijana mmoja wa umri ule, na mmoja alitakiwa kwenda. Ellis alienda ili mdogo wake Robert asiende.

Mwanzoni mwa 1917 alikuwa katika kambi ya mafunzo ya Litherland, karibu na Liverpool. Msimu wa kulima ulipofika, askari waliotoka mashambani waliruhusiwa kwenda kusaidia makwao. Yeye alipata majuma saba, na wakati mwingi wa likizo hiyo ulikwenda kwenye awdl. Siku za kurudi kambini zilimpita angali nyumbani, mpaka askari polisi wa jeshi wakamfuata huko huko. Mwezi Juni alikuwa Ufaransa, katika kijiji cha Fléchin, pamoja na batalioni ya 15 ya kikosi cha Royal Welch Fusiliers. Hapo ndipo alipoimalizia awdl yake, akatia jina la kujificha la Fleur-de-lis, akaituma kwa posta.

Tarehe 31 Julai 1917 majeshi ya Uingereza yalianza shambulio kubwa karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, vita vinavyojulikana zaidi kwa jina la Passchendaele. Asubuhi hiyo, katika mwinuko wa Pilckem, Hedd Wyn alijeruhiwa na kombora, akafa siku hiyo hiyo. Alikuwa na miaka 30. Mshairi wa Ireland, Francis Ledwidge, aliuawa siku ile ile katika eneo hilo hilo, na wawili hao wamezikwa katika makaburi yale yale ya Artillery Wood.

SEPTEMBA 6, 1917

Tamasha la taifa la mwaka huo lilifanyika Birkenhead, mji wa Uingereza ulio ng’ambo ya mto kutoka Liverpool. Waziri Mkuu David Lloyd George, mwenyewe mzaliwa wa jamii ya Wawelisi, alikuwapo. Uamuzi ukasomwa: mshindi wa Kiti ni Fleur-de-lis. Kwa kawaida mshindi husimama kutoka katikati ya umati, tarumbeta zikapigwa. Aliitwa. Hakusimama mtu. Ndipo ikatangazwa kwamba mshindi aliuawa vitani majuma matano yaliyopita. Kiti kikafunikwa kitambaa cheusi, na tangu siku hiyo tamasha lile linaitwa Eisteddfod ya Kiti Cheusi.

Kiti chenyewe kilichongwa na Eugeen Vanfleteren, seremala wa Ubelgiji aliyekuwa mkimbizi wa vita mjini Birkenhead. Mbelgiji aliyekimbia kwao alimchongea kiti Mwelisi aliyekufa Ubelgiji, na hawakuwahi kuonana. Kiti kilisafirishwa hadi Yr Ysgwrn, na kingali huko. Mama yake aliwaambia jamaa mlango usifungwe kwa wageni, na kwa miaka mingi mpwa wa mshairi aliwakaribisha waliokuja kukitazama. Mwaka wa 2012 nyumba ilichukuliwa na mamlaka ya hifadhi ya Snowdonia. Mkusanyiko wa mashairi yake, Cerddi’r Bugail, yaani Mashairi ya Mchungaji, ulitoka mwaka wa 1918. Filamu ya Kiwelisi yenye jina lake ilitengenezwa mwaka wa 1992, ikawa ya kwanza kwa lugha hiyo kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka wa 1923 sanamu yake ilisimamishwa Trawsfynydd, na mama yake ndiye aliyeizindua. Itazame picha yake ukipata nafasi: amevaa kama mchungaji. Si kwa bunduki wala kofia ya chuma walivyotaka kumkumbuka.

TURUDI KWENYE SHAIRI: YR ARWR

Sasa kazi inaanza. Ukipewa swali, “Jadili dhamira ya mtunzi wa Yr Arwr,” wengi wenu mtaandika kwamba Hedd Wyn anajisimulia mwenyewe, shujaa aliyetabiri kifo chake mahandakini. Jibu hilo linavutia, na ni jibu baya. Hebu tulipime kwa ushahidi.

Mada ya ushujaa hakuichagua yeye. Iliwekwa na waandalizi, na washindani wote waliitungia. Pili, ile tarehe niliyokuambia uishike: aliianza mwaka wa 1916, kabla hajavaa sare. Shairi lilianzia malishoni, likamalizikia kambini, na liliondoka mikononi mwake kabla hajaingia katika shambulio lililomuua. Tatu, wahusika wenyewe. Shairi lina mhusika mwanamke aitwaye Merch y Drycinoedd, Binti wa Dhoruba, na shujaa ambaye ana sura ya Promitheo, yule wa visasili vya Wayunani aliyeadhibiwa kwa kuwaletea wanadamu moto, na wakati huo huo anatukumbusha Kristo. Shujaa huyu hasifiwi kwa kuua. Ushujaa wake ni kuteseka ili wengine wapate heri. Kwa hiyo dhamira iliyo salama kuandika ni hii: mtunzi anakusudia kuonyesha kuwa ukombozi wa binadamu hupatikana kupitia mateso na kujitoa mhanga.

Je, maisha yake hayahusiki kabisa? Yanahusika, lakini hesabu yake si rahisi. Mtu anayetunga kuhusu kujitoa mhanga huku akisubiri kuchukuliwa badala ya ndugu yake hawezi kuwa hakuliwaza jambo hilo. Ukitaka kulitaja, litaje kama muktadha, baada ya kuthibitisha hoja yako kutoka ndani ya shairi. Usianze nalo.

SHAIRI FUPI: RHYFEL

Shairi lake linalojulikana zaidi kwa watu wa kawaida si ile awdl. Ni shairi fupi liitwalo Rhyfel, Vita. Lina beti 3, kila ubeti mishororo 4, kila mshororo mizani 8. Vina vya mwisho hupishana: mshororo wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne.

Hapa kuna mtego wa pili, na huu ni wa fani. Mtahiniwa akiona mishororo minne, mizani minane na kipande kimoja, kalamu hukimbia yenyewe: “Bahari ya utenzi.” Subiri. Utenzi wa Kiswahili una vina vitatu vinavyofanana, na kina cha nne ambacho hurudi mwishoni mwa kila ubeti hadi mwisho wa utungo. Tena huwa mrefu, maana husimulia. Rhyfel haina bahari hiyo. Ukiliangalia kwa idadi ya mishororo unaweza kusema lina umbo la tarbia, ukaeleza mpangilio wa vina vyake, ukaishia hapo. Kuhesabu hakutoshi kama hujaangalia vina.

Maudhui yake kwa lugha nathari ni haya. Katika ubeti wa kwanza nafsineni inasikitikia kuishi katika zama za ukatili, ambapo Mungu anaonekana kurudi nyuma kama maji ya bahari yanapokupwa, na binadamu, awe mkuu au mnyonge, anajitwalia mamlaka. Katika wa pili mtu anamwinulia upanga ndugu yake, na kivuli cha vita kinaangukia hata nyumba za maskini. Katika wa tatu muziki umenyamaza, vinubi vimetundikwa mitini, na vilio na damu ya vijana vimechanganyika na upepo na mvua.

Taswira ya vinubi haikutoka hewani. Ni mdokezo wa Zaburi ya 137, Waisraeli walipokuwa uhamishoni Babeli. Mtoto aliyelelewa katika shule ya Jumapili aliijua kwa moyo, na wasomaji wake pia. Kwao kinubi kilikuwa na uzito zaidi kwa sababu ndicho chombo cha washairi wa jadi wa Welisi. Anaposema kimetundikwa, anasema ushairi wenyewe umekatwa sauti. Mbinu moja inafanya kazi mbili, na mtahini akikuta umeonyesha zote mbili hatakunyima alama.

Angalia pia kukupwa kwa bahari. Maji yakikupwa hayajatoweka. Mshairi angeweza kusema Mungu hayupo, na hakusema. Toni ni ya majonzi na uchungu, lakini ukiandika “toni ya kukufuru” utakuwa umevuka mpaka wa maandishi.

Sasa nafsineni. Swali: Bainisha nafsineni katika shairi hili (alama 2). Jibu la kwanza: “Nafsineni ni Hedd Wyn ambaye alikufa vitani mwaka wa 1917.” Sifuri, tena sifuri iliyoandikwa kwa bidii. Hakuna popote katika shairi ambapo msemaji ametaja jina, kikosi wala kifo chake. Na maiti hasemi. Jibu la pili: “Nafsineni ni mtu anayeishi wakati wa vita na anayesikitishwa navyo, kwa kuwa anatumia nafsi ya kwanza umoja kulalamikia zama zake.” Alama mbili. Jibu la pili halina habari yoyote ya ziada. Lina ushahidi tu.

ARUDHI YAO NA YETU

Wako wanaodhani kwamba kushikilia vina na mizani ni ukaidi wa wazee wa Mombasa na Lamu. Wangezaliwa Welisi wangekoma. Awdl hutungwa kwa cynghanedd, mfumo wa kupatanisha sauti ndani ya kila mshororo. Una aina kuu nne, na juu yake kuna tungo za jadi 24 ambazo mshairi huchagua. Utungo mmoja maarufu, englyn, una mizani 30 katika mishororo minne: 10, 6, 7 na 7. Ukizidisha silabi moja, umetoka mashindanoni.

Katika aina mojawapo ya cynghanedd mshororo hugawanywa, kisha konsonanti za upande wa kwanza hurudi upande wa pili kwa mpangilio ule ule, huku irabu zikibadilika. Nimekutungia mfano wa kurahisisha kwa Kiswahili:

Kalamu bora, kulima bure.

Ondoa irabu. Ukwapi unabaki na K-L-M-B-R. Utao unabaki na K-L-M-B-R. Huo ni mshororo mmoja. Sasa fikiria mamia ya mishororo, yenye maana, yenye hadithi, iliyotungwa na mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 14. Jaribu kutunga mmoja wako usiku wa leo kabla ya kulala, uone dakika zinavyokwenda.

Hii ndiyo sababu tafsiri za Yr Arwr katika lugha nyingine hazijawahi kuwa na sifa ya ile asili. Maana huvuka, sauti hubaki ng’ambo. Mwalimu wako akikuambia usome shairi kwa sauti kabla ya kulijibia maswali, hakuambii upumbavu.

MASWALI YA MARUDIO

1. “Kinaya katika jina Hedd Wyn ni ya historia wala si ya mtunzi.” Fafanua kauli hii. (alama 4)

2. Linganisha umbo la Rhyfel na la utenzi wa Kiswahili. Onyesha mfanano mmoja na tofauti mbili. (alama 6)

3. Taja mdokezo mmoja katika Rhyfel na ueleze kazi zake mbili. (alama 3)

4. Kabla na baada ya kifo chake, ushujaa ulikuwa na maana zaidi ya moja kwa watu wa Welisi: wako waliouona katika sare ya jeshi, na wako waliosimamisha sanamu ya mchungaji. Ukitumia hoja kutoka Yr Arwr pekee, eleza ni upande upi shairi linauunga mkono. (alama 7)

Dokezo kwa swali la nne: ukijipata umeandika neno “likizo” au “Birkenhead” katika jibu lako, futa uanze upya. Swali limesema pekee.